Dole Gumba

Meza yangu i nje ya lango,
chini ya mwavuli wa kampuni ya simu,
mguu mmoja nimeutegemeza kwa kigae.
Miaka kumi na tisa najaza fomu za watu.
Nayajua majina ya mama zao na miaka waliyoikisia.
Hamsini ukurasa; mia, barua ya kubembeleza.

Leo sheria mpya imebandikwa ukutani, gundi haijakauka.
Watu wanaisoma kwa vidole.
Kifungu cha tisa: kuanzia mwakani, maombi yote kwa simu.
Nimekisoma mara mbili.
Hakuna meza katika kifungu cha tisa.

Bimkubwa Faki amefika kabla mlinzi hajafungua kufuli.
Alivuka kutoka Wete mgongoni mwa mamake,
akazaa saba Majengo, akazika wawili,
na miaka yote hiyo askari akiuliza, "Kipande?"
humpa hadithi,
na hadithi ikikataliwa, humpa mia mbili.
Sasa sheria yasema naye ni wa hapa.
Nimefika penye uraia niandike "Mkenya",
kalamu yangu, iliyozoea "Hana", ikakwama.

Lakini mashine haimwoni.
Dole gumba: halisomeki. Cha shahada: hakisomeki.
Miaka arubaini ya kukuna nazi na kufua mashuka ya hoteli
imemfuta mistari yote.
"Mama, huna vidole," asema karani.
"Ninavyo kumi, mwanangu. Hesabu."

Foleni ya kushoto, Nduwimana na sinia tupu.
Sheria ile ile, ukurasa wa nyuma:
kibali cha kazi sasa ni njugu za miaka mitatu.
Anauliza kama naweza kuandika ombi la kupunguziwa.
Naweza.

Nisemeje? Kaka yangu Athmani huuza kahawa Mwembe Tayari,
na tangu huyu aje na dele lake na kikombe cha shilingi tano,
kaka hurudi nyumbani dele lingali zito.
Rajabu nzima tulikula mihogo mitupu.
Ile barua ya wachuuzi,
"Tunaiomba serikali iwaangalie wageni,"
ni mimi niliyeiandika.
Kwa hati nzuri. Kila nukta mahali pake.

Na Mishi wangu yuko Maskati,
pasipoti imefungiwa kabatini mwa tajiri wake.
Huko nako, asema, sheria inageuka:
mtumishi ataweza kuhama nyumba bila kuomba radhi.
Lini?
Wanasema.
Kila mwezi anatuma; mabati haya ni yeye,
na kilio chake hukizima kabla ya kupiga simu.
Sijui nje ya lango la kule kuna mama gani mwenye meza,
ana kaka gani,
ameandika nini kuhusu wageni.

Bimkubwa amerudi. Aambiwa aje Jumatatu, apake mafuta.
"Huna wino wa zamani?"
Ninao, mtotoni mwa meza, umekauka pembeni.
Akabonyeza dole kwenye karatasi yangu isiyo na kazi:
likatoka doa jeusi, laini,
kama mbegu ya stafeli.
Akalitazama sana. Akalikunja, akalitia kifuani.

Nduwimana bado amesimama.
Kiasi gani, anauliza.
Hamsini, nasema.
Ukurasa wa pili sitauhesabu.