Kopo la Saba

Mwezi uliopita kopo lilikuwa na kilima.
Sasa nimepewa kijiti: pitisha juu,
kilima kianguke, kirudi guniani.
Mimi Muha wa Makere,
hapa Nyarugusu mkono wangu ndiyo mizani.

Anafika na kadi yake, pembe zimelika.
Watu saba, kadi inasema.
Nami Jumanne niliazima jembe, tukachimba
kule nyuma ya zoni, udongo mwekundu,
shimo fupi kuliko mpini.
Wote humwita Mama Wilondja.
Bado.

Haniangalii. Anaangalia kopo.
Nahesabu kwa sauti, karani asikie:
nne, tano, sita,
halafu kimya, kama punje imenikwama kooni.
Mtu wa nyuma anakohoa.
Saba, nasema.
Kijiti nimekiacha mezani.

Anafunga fundo la kitenge, analikaza kwa meno.
"Aksanti," kwa Kiswahili cha ng'ambo ya ziwa,
wala hatutazamani.
Binti yake mdogo anachutama,
anaokota maharage mawili yaliyodondoka mchangani,
anayapuliza vumbi,
moja analirudisha guniani.