Jedwali la Mkaa

Ukutani mwa ghala la viazi, Uyole,
Ambakisye alichora jedwali kwa mkaa:
timu nne kwa kushuka, na kwa upana
mechi, ushindi, sare, kufungwa, pointi.
Safu ya magoli hakuiweka.
Dirisha lilikuwa limeanza.

Akatueleza, sisi wanawake tisa juu ya turubai:
kila mmoja atamwalika mwenzake, kisha ataalikwa.
Ukishinda, tatu. Sare, moja.
Ukifungwa, umekula nauli tu.
Wawili wa juu wanafuzu.
Tukaelewa upesi. Kazi yetu ndiyo hiyo:
kikubwa, huku, kinapanda Fuso la Dar;
kilichokatwa na jembe, kule, cha nguruwe;
kidogo chenye macho mengi, mbegu,
kikajaribu tena msimu ujao.

"Na sisi," akasema Sekela, "miaka mingapi tumekuwa mbegu?"

Machi, ugenini. Mvua ilipiga bati
mpaka redio ikawa inajisemea yenyewe.
Mbili, tukasikia, mbili za kwao,
tukaanza kushona midomo ya magunia.
Alibaki Syabumi, mpakiaji,
redio sikioni, kiroba kitupu kichwani,
na dakika za mwisho kabisa akapiga kelele:
"Tumepata moja!"
"Ya kununulia nini?" nikamuuliza mimi.
Tukacheka hadi sindano zikatuchoma.
Ambakisye akaweka alama kwenye kufungwa, akajifuta mkono.

Goli la kufutia machozi ni lumbesa,
kile kilima juu ya mdomo wa gunia:
bei haikioni, mizani haiulizwi,
ila mgongo wa mpakiaji unakijua.

Septemba wale wale wakaja kwetu, wakalala kwa moja.
Goli baya. Liligonga goti la beki wao
likaingia kama kuku anayerudi bandani.
Ambakisye akaandika 3.
"Jedwali," alisema, "haliulizi urembo."
Kufikia Novemba mabega yetu yalikuwa yameufuta mkaa
naye ameurudia mara nyingi
hata ukuta mzima umekuwa kijivu.

Usiku wa mwisho zilichezwa mbili kwa wakati mmoja.
Sisi kwa wale wa mkiani, wenye pointi moja tu,
na hatukuwafunga.
Bila bila, kama watu waliokwenda kusalimia.
Ikabaki kuusubiri uwanja mwingine,
katika nchi ambayo Sekela aliitafuta kwenye atlasi ya mwanawe
akaikuta chini ya doa la mafuta ya taa.
Wapinzani wetu wakishinda kule, kwaheri.
Nikamwombea kipa nisiyemjua jina,
wala dini, wala kama mamaye yu hai.
Mungu ampe mikono.

Sare.
Tisa zao, tisa zetu.

Ambakisye akaumulika ukuta kwa simu.
"Mkilingana," alisema, "mnarudishwa pale mlipokutana nyinyi wawili.
Kwetu, moja bila. Kwao, mbili kwa..."
Akageuka. Mbili kwa ngapi?
Mkaa haukuwa na habari hiyo.
Pale palikuwa na dirisha.

"Moja," akasema Syabumi kutoka mlangoni,
gunia bado liko mgongoni.
"Mbili kwa moja. Mlicheka."

Basi mbili na mbili.
Lakini moja yetu tuliifunga kwao,
na wao kwetu hawakuacha kitu.
Mtangazaji alitumia dakika nzima
kusema alichokisema mtu mwenye mzigo.

Wenzangu walipiga vigelegele, wakagonga madebe,
mbwa wa Igawilo wakaitikia.
Mimi niliwasha jiko.
Nilikuwa na deni la Machi:
kikombe cha chai, maandazi mawili.
Syabumi alitua gunia, akapokea kwa mikono yote miwili,
akaonja.

"Ndaga," akasema. "Ongeza sukari."