Kumbukumbu Imejaa

Simu imekataa kupiga picha ya theluji
juu ya kibanda cha mkate, huku kwetu Gldani.
Kumbukumbu imejaa, imesema,
kwa ubaridi wa karani
anayefunga dirisha foleni ikibaki wewe peke yako.

Nikafungua kikasha cha barua pepe.
Elfu kumi na nne, mia mbili na nane.
Haba na haba hujaza kibaba, sawa,
ila hatukuambiwa kibaba kikijaa upuuzi
humwagwa wapi.

Nikavua koti, nikateleka chai,
nikakaa jikoni kama achaguaye maharage ya lobio,
jiwe huku, punje huku.

Viatu nusu bei. Futa.
Viatu nusu bei, leo ndiyo mwisho. Futa.
Viatu nusu bei, mwisho umesogezwa.
Futa.
Kampuni ya magodoro imeniita Nestani mpenzi
mara mia tatu na kumi na moja;
Avtandili, katika miaka tisa ya ndoa, hajafikisha kumi.
Klabu ya mazoezi niliyokwenda Jumanne moja
bado inanisifu kwa bidii.
Benki. Benki. Benki ikionya
juu ya barua za uongo za benki.

Kufuta tu hakutoshi, zinaota tena kama ndago.
Kitufe kidogo kuliko vyote, chini kabisa, rangi ya majivu,
ndicho mzizi. Jiondoe.
Una hakika?
Nina hakika.
Tutakukumbuka.
Msinikumbuke.

Kufikia saa nne za usiku zimebaki elfu mbili,
na kidole kimeingia ukatili wa mpalizi aliyechoka,
asiyetazama tena lipi gugu, upi mche.
Hapo, kati ya godoro na godoro,
jina nisilolitamka mwaka wa tatu huu:
Tsiala.

Tarehe: siku tuliyomzika baba.

Na mimi nilikwisha kuwaambia watu wote,
shangazi zangu, mfamasia mwenzangu, hata dereva wa teksi:
rafiki wa tangu darasa la pili hakuja kuzika.
Nilimfuta kwa kidole hiki hiki,
namba, picha, siku ya kuzaliwa.
Tulipokutana soko la Dezerteri
niligeukia jibini, nikauliza bei nisiyoitaka.

Barua ni fupi, haina salamu.
"Simu yako inatumika tangu alfajiri.
Theluji imefunga njia ya Rikoti, basi limekwama,
dereva anasema labda kesho.
Maua ni kumi, nimeyahesabu mara mbili
yasije yakawa witiri mbele ya mzee.
Kuna mama humu ana mtindi, tumegawana.
Nimewasimulia abiria baba yako alivyokuwa akiimba vibaya.
Wamesimama wote kumwombea, vikombe juu,
kwa mtindi, maana divai hakuna.
Ukiipata hii mapema, nisomee kaburini."

Niliipata mapema.
Iliingia saa tatu na dakika sita asubuhi,
kabla hatujalitoa jeneza ndani.
Saa tatu na dakika saba
magodoro yakashuka bei kwa asilimia arobaini,
yakailalia.

Nimetengeneza kabrasha moja.
Sikulipa jina, kijistari kinapepesa
pale jina linapotakiwa.
Nimemwandikia, nimefuta, nimeandika tena,
mwisho nimetuma maneno mawili:
Nimeisoma leo.

Nje magari yamekwisha kuichafua theluji.
Sasa simu ina nafasi, nafasi tele,
inatisha kama chumba kilichohamwa.

Ikatetemeka mezani. Nikairukia, chai ikamwagika.

Ni wale wa magodoro.
Wanasikitika mno, wanauliza
ni kosa gani walilonitendea.