Mizani ya Dhahabu

Mizani hii ilipima dhahabu ya Kitumbi
kabla Tibesigwa hajainunua.
Sasa inapima baruti,
punje kwa punje, mezani petu, Mubende.

Feni imezimwa. Nami nimeonywa
nisipige chafya.

Ganda la shaba alilolisugua jana
linapokea fungu lake,
kisha linavishwa risasi taratibu,
kama kofia ya kichanga.
Hamsini. Anazihesabu kwa penseli
nyuma ya risiti ya mbegu za maharagwe.

Jumamosi, uwanja wa shabaha, mita mia tatu:
matundu manne yamegusana, ungeyafunika kwa kifuniko cha soda.
La tano limejiendea zake, kushoto.

Njia nzima kimya.
Getini ndipo anageuka:
"Ile ya arobaini na moja. Ulipiga chafya."