Kaimati za Mikia

Mkono wa mama ulizibana zikatoka gololi.
Wangu unazitupa na mikia,
na Shekuwe, kitinda mimba wangu, kajishika kiuno:
"Mama, hivi ni viluwiluwi vya birikani!"

Unga niliupiga adhuhuri, nikaufunika kwa leso ya marehemu;
uliumuka hata ukaiinua.
Sasa shira inavuta uzi,
hiliki imekwisha panda ngazi,
Langoni nzima yajua tunakaanga.

Baba, aliyekatazwa sukari na daktari,
kaingia jikoni kutafuta miwani.
Miwani kaivaa.

Namtilia moja kisahanini, kavu, haijaonja shira.
Aigeuza. Aushika mkia.
"Mamako," asema, "mwaka wetu wa kwanza
alinikaangia viluwiluwi hivi hivi.
Nikamaliza bakuli."