Nguzo ya Kumi na Moja na Nusu

Daftari ni la mraba, lile lile la darasani,
kurasa themanini na nne, jalada la samawati.
Nimelipiga mistari kwa mkono wa kushoto,
ikapinda kama njia ya mchwa:
Tarehe. Nguzo. Maoni.

Kutoka langoni kwangu, hapa Mamboleo,
hadi kileleni Riat, ziwa linapoonekana lote,
kuna nguzo za stima arobaini na tatu.
Nilizihesabu zamani nikiwa mzima, bila sababu,
kwa tabia ya mwalimu wa hesabu
ambaye hata maharagwe huyachambua kwa makumi.

Kiharusi kilinikuta ubaoni, chaki mkononi,
katikati ya mlinganyo.
Nilikuwa nimeshachora alama ya usawa.
Upande wa kushoto upo.
Wa kulia haujajibu hadi leo.

Tarehe tatu Februari: nguzo moja.
Maoni: nimeikumbatia kama mlevi.
Osewe wa pancha akajifanya anatafuta spana.

Bi. Kageha wa hospitali, mwenye vidole vya kukamua ng'ombe,
alisema, "Mwalimu, mguu huu ni mwanafunzi mtoro.
Usiuchape. Usubiri mlangoni."

Machi: nne, nne, tano,
tatu (mvua), sita.
Aprili malaria ikanilaza.
Sifuri. Sifuri. Sifuri.
Siku kumi na saba,
na usiku nguzo ya kwanza naisikia inavuma
kama jirani anayenisengenya.

Awino, mjukuu wangu, alikuja na kifutio.
"Dani, tuzifute hizi. Nani atajua?"
Mimi! Miaka ishirini na minane nikiwapa watoto wa watu mayai
kwa wino mwekundu,
na sikumfutia hata mtoto wa mkuu wa shule.
Nikamwandikia kumi.
"Ondoa sifuri. Umebaki na nini?"
"Moja."
"Basi liache yai mahali pake. Limeshika nafasi."

Akaenda zake ameridhika.
Sikumwambia kwamba usiku ule nililia
kwa jicho la kushoto peke yake;
la kulia, pamoja na jina lake,
lilikauka likitazama dari.

Juni, tena kutoka nguzo ya pili.
Julai mwishoni, ya kumi na moja, penye kibanda cha omena,
na muuzaji akaniongezea kiganja kizima
akidhani nimekuja kununua.

Kisha upepo wa Agosti ukaiangusha nguzo ile ile.
Kampuni wakaja na lori, kelele na kamba,
wakasimika mbili palipokuwa na moja.
Hesabu yangu yote ikavurugika.
Nizipe nguzo majina mapya hadi Riat?
Niseme nimesonga mbele, kumbe mguu ni ule ule
na lililosonga ni lori?
Nikakaa na kalamu mdomoni jioni nzima.
Nikaandika: nguzo ya kumi na moja na nusu.
Hakuna mtaala unaoiruhusu.
Kesho yake niliiegemea, ikanuka dawa ya mchwa,
ikaniachia weusi begani ambao sabuni haijautoa.

Kuna siku mguu unakubali kabla sijauomba.
Kuna siku nguzo ya tatu ndiyo Riat.

Leo, tarehe tisa Novemba: kumi na tisa.
Juu ya mabati, kati ya mpapai na tangi la maji,
nimeona kipande cha ziwa,
kidogo, cheupe, kama chaki iliyobakia kwenye ukingo wa ubao.
Sikukiandika popote. Nilisema ziwa lote.

Nimekaa juu ya jiwe kutafuta pumzi.
Osewe akapita na baiskeli ya mteja, akaijaribu breki,
akasimama:
"Mwalimu, una pancha?"
Ndogo, nikamwambia.
Inavuja polepole. Bado inabeba.