Wiki ya Tatu

Saa saba usiku, Tudor. Feni inagawa joto
kila kitanda fungu lake.
Naandika: Shikamoo Daktari. Nafuta.
Shikamoo haiingii kwenye barua pepe,
yabaki mlangoni imevua viatu.
Naandika: Kwa heshima na taadhima. Nafuta.
Hiyo ni lugha ya kuomba kazi,
au mchango wa harusi.

Tisa juu ya thelathini.
Karatasi nimeikunja, nikaikunja,
hadi ikaingia ndani ya kava ya simu,
na kila nikipiga nyumbani
tisa hiyo imenigusa sikio, mama akiuliza
masomo je, nami: alhamdulillahi, yaenda.
Nyuma yake mafuta yanachacharika.
Bajia za Kaloleni, ndizo karo yangu.

Jumanne mbili nimefika mlangoni pake.
Dkt. Mwanyumba, saa nane hadi saa kumi.
Ya kwanza nilikisoma kibandiko, nikaenda zangu.
Ya pili nilimsikia akicheka na mtu kwa Kidawida,
nikajiambia, kicheko kizuri hiki, nisije kukiharibu.

Usiku huu naandika tu:
Daktari, mimi Swabra Athman, safu ya nyuma,
pale penye dirisha lisilofungika.
Mekanika ya vimiminika siielewi.
Sijui hata nisichokielewa chaitwaje.
Nabonyeza. Nailaza simu kifudifudi.

Jibu, asubuhi, mstari mmoja:
Njoo na daftari.

Sababu nilikuwa nazo, nimezipanga njia nzima.
Hakuuliza hata moja.
Alisogeza kikombe, akavaa miwani,
akasema kama daktari yule mwingine, wa hospitali:
"Yalianza lini?"

Tukarudi nyuma, ukurasa kwa ukurasa.
Wiki ya sita, namba za kunakili, hazina pumzi.
Wiki ya nne, nimechora ua pambizoni,
ua zuri, lina hata miiba.
Wiki ya tatu, hapa:
alama ya sawa imesimama peke yake,
kulia kwake hamna kitu.

"Siku ya mvua," akasema. "Paa likivuja.
Mlikuwa mnasogeza viti,
nami niliharakisha."
Akanipa kalamu yake. Yangu ilikuwa imekauka.

Tisa bado ni tisa.
Mama bado sijamwambia.
Alhamisi narudi tena kwake, saa nane,
na ile karatasi nimeikunjua:
nyuma ni nyeupe yote,
yafaa kufanyia hesabu.